Moto Hauondoi Kila Sumu: Majibu kwa Maswali Yenu ya Jikoni

Barua zilizotufikia kwa ajili ya safu hii ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo nimeunganisha zile zinazofanana na kutanguliza zinazogusa afya ya walaji. Nilipozisoma kwa pamoja niliona imani moja ikijitokeza karibu katika kila barua, nayo ni kwamba chakula kikichemshwa sawasawa basi ubaya wowote uliokuwamo umekwisha. Imani hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake una mipaka, na mipaka hiyo ndiyo itakayotushughulisha zaidi katika majibu yafuatayo.

SWALI: Shikamoo. Nyumbani kwetu wali wa usiku hubaki ndani ya sufuria hadi asubuhi, kisha tunaupasha moto na kuula. Jirani ameniambia kwamba jambo hilo ni hatari hata kama wali haujachacha. Je, anasema kweli, ilhali moto huua vijidudu?

JIBU: Marahaba. Jirani yako anasema kweli, na swali lako linagusa tofauti ambayo watu wengi hawaioni, yaani tofauti kati ya kijidudu chenyewe na sumu ambayo kijidudu hicho huiacha ndani ya chakula. Mchele mbichi, hata ukioshwa vizuri, mara nyingi huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye makazi yake ya asili ni udongo. Bakteria huyu akikutana na mazingira magumu hujigeuza kuwa spora, yaani chembe ndogo yenye ganda gumu, na spora hizo zinaweza kuvumilia maji yanayochemka kwa muda wote wa kupika wali. Wali uliokwisha kuiva ukiachwa upoe polepole ndani ya sufuria iliyofunikwa, spora hupata kila zinachokihitaji: unyevu, wanga na joto la wastani. Hapo huchipua, bakteria wakaongezeka, na baadhi yao wakatoa sumu inayomfanya mlaji atapike, mara nyingi kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula.

Sumu hiyo ndiyo inayotushinda. Ukiupasha wali asubuhi hadi utoe mvuke utawaua bakteria walio hai, lakini sumu waliyokwisha kuitoa itabaki kama ilivyo, kwa sababu inahimili joto lililo juu hata kuliko lile la maji yanayochemka. Wala usiitegemee pua, maana wali wa namna hiyo unaweza kuwa hauna harufu yoyote mbaya wala ladha ya kuchacha.

La kufanya ni kuunyima wali muda wa kukaa katika uvuguvugu. Bakteria wengi wanaosumbua vyakula hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, kwa hiyo chakula kilichopikwa kikae juu ya kiwango hicho au chini yake, na kisikae katikati kwa zaidi ya saa mbili; siku ambayo joto la hewa linapita nyuzi 32, usiruhusu izidi saa moja. Wali uliobaki utandaze kwenye sinia au chombo kipana ili upoe haraka, kisha ufunike na uuingize kwenye jokofu lenye nyuzi 4 au chini ya hapo. Uule katika siku inayofuata, na uupashe mara moja tu, tena hadi katikati yake uwe wa moto kabisa. Asiye na jokofu atapata usalama kwa kupima mchele unaotosha mlo mmoja, na ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu kumwaga wali kidogo kunauma, lakini kumuuguza mtoto kwa wali huo kunauma zaidi. Hayo yote yanahusu pia tambi na viazi vilivyochemshwa.

SWALI: Nimeambiwa kwamba chakula cha moto hakipaswi kuingizwa kwenye jokofu kwa kuwa kitaharibika na kuliharibu jokofu lenyewe. Nisubiri mpaka kipoe kabisa?

JIBU: Usisubiri mpaka kipoe kabisa, kwa sababu kusubiri huko ndiko kunakokiweka chakula katika uvuguvugu niliouzungumzia hapo juu. Lenye ukweli katika onyo hilo ni kwamba sufuria kubwa ya mchuzi unaochemka hupandisha joto la vitu vilivyo jirani nayo ndani ya jokofu, na katikati ya sufuria yenyewe hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Gawa chakula katika vyombo vifupi visivyo na kina kirefu, au itumbukize sufuria ndani ya beseni la maji baridi huku ukikoroga, na mvuke mwingi ukishatoka kiingize mara moja. Acha nafasi kati ya vyombo ili hewa baridi ipite.

SWALI: Maharage yangu huchemka kwa muda mrefu sana bila kulainika. Wengine wananiambia nisitie chumvi mapema, wengine wanalaumu maji, na mama mkwe wangu huweka beking soda. Nimfuate nani?

JIBU: Katika hao wote, chumvi ndiyo inayolaumiwa bila kosa. Ganda la haragwe limeshikiliwa na kitu kiitwacho pektini, na pektini hiyo hukazwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Maharage yakilowekwa katika maji yenye chumvi, sodiamu iliyo ndani ya chumvi huchukua sehemu ya nafasi ya madini hayo, na ganda hulegea badala ya kukaza. Kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kwa kila lita ya maji kinatosha kwa kuloweka usiku kucha, na asubuhi maji hayo humwagwa. Ukifanya hivyo utaona pia kwamba maharage mengi yanaiva bila kupasuka ganda.

Wanaolaumu maji wana hoja, kwa kuwa maji magumu, yaani yale yenye kalsiamu nyingi ambayo huacha ukoko mweupe ndani ya birika, huyachelewesha maharage kwa sababu hiyo hiyo ya pektini. Adui mwingine ni tindikali. Nyanya, ndimu na siki zikitiwa mapema huzuia ganda lisilegee, na haragwe lililokuwa karibu kuiva linaweza kukaa katika hali hiyo kwa muda mrefu huku gesi au kuni zikiteketea. Viungo hivyo vingoje hadi uweze kulibonyeza haragwe kwa vidole viwili likasagika. Hali ya tatu, ambayo mpishi hana dawa kamili nayo, ni umri: maharage yaliyohifadhiwa kwa miezi mingi mahali penye joto na unyevu hubadilika ndani yake na kuwa magumu kuiva, hata ukiyaloweka vipi. Ukinunua, chagua yenye ngozi inayong'aa, isiyo na makunyanzi wala nyufa, na usichanganye ya zamani na mapya katika sufuria moja kwa kuwa hayataiva kwa pamoja.

Mama mkwe wako naye hajakosea, kwani beking soda hupunguza tindikali ya maji na kuifanya pektini iyeyuke upesi. Hata hivyo, huharibu sehemu ya vitamini B1 iliyo katika maharage, na ikizidi huacha ladha inayofanana na ya sabuni na kuyafanya maharage yawe uji. Robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo inatosha, na mimi ningeiacha kwa ajili ya maji magumu au maharage ya zamani tu.

Hakuna aliyeuliza kuhusu usalama wa maharage, lakini siwezi kuliacha jambo hilo. Maharage, hasa yale mekundu makubwa yenye umbo la figo, yana protini ya asili ambayo ni sumu, na maharage machache tu yasiyoiva yanaweza kumtapisha mtu vibaya. Hapa moto ni msaada wa kweli, lakini sharti uwe moto kamili. Yaloweke kwa muda usiopungua saa tano, mwaga maji, weka maji mapya, kisha uyachemshe kwa nguvu kwa angalau dakika 10, na ukitaka kujihakikishia zaidi, dakika 30, ndipo upunguze moto yaendelee polepole hadi yalainike. Wanaotumia vyungu vya umeme vinavyopika taratibu wanapaswa kuwa waangalifu zaidi kuliko wengine wote, kwa sababu joto la karibu nyuzi 80 haliivunji sumu hiyo ipasavyo, na maharage yaliyopashwa kwa kiwango hicho yameonekana kuwa na sumu kali kuliko hata yaliyo mabichi. Yachemshe kwanza katika sufuria ya kawaida, kisha uyahamishe.

SWALI: Viazi vyangu hugeuka kijani na kuchipua baada ya muda mfupi, nami huvihifadhi pamoja na vitunguu katika kikapu karibu na dirisha. Je, nikivikaanga vizuri vinafaa kuliwa?

JIBU: Rangi ya kijani yenyewe ni ile ile iliyo katika majani na haina madhara, lakini inakuarifu kwamba kiazi kimekaa kwenye mwanga, na mwanga huo huo hukifanya kiongeze sumu ya asili iitwayo solanini, ambayo hukaa zaidi karibu na ganda na katika machipukizi. Kuchemsha hakuiondoi, na kukaanga hakuipunguzi kwa kiwango cha kutegemewa. Kiazi kilichogusika kijani kidogo kinaweza kumenywa ganda nene na kuchimbuliwa macho yote. Kilichogeuka kijani sehemu kubwa, au ambacho ukikionja kina uchungu, kitupwe.

Tatizo lako limeanzia dirishani. Viazi vinahitaji giza, ubaridi wa wastani na hewa inayopita, kwa hiyo gunia la kitambaa au boksi lenye matundu katika kona yenye kivuli litavifaa kuliko mfuko wa plastiki unaofungia unyevu ndani. Usivitie kwenye jokofu, kwa sababu katika ubaridi mkali wanga wake hugeuka sukari, na viazi vyenye sukari nyingi vikikaangwa huwa vyeusi haraka na kutengeneza akrilamaidi kwa wingi, kemikali ambayo hatutaki iongezeke katika chakula. Vitunguu navyo vinapenda ukavu na hewa, wakati viazi hutoa unyevu, hivyo kila kimoja kiwe na chombo chake.

SWALI: Mkate ukiota ukungu kwenye kona moja, je, siwezi kuikata kona hiyo na kula sehemu iliyobaki? Na karanga zenye ukungu, zikikaangwa sana?

JIBU: Ukungu unaouona ni sehemu ndogo tu ya ule uliopo. Katika vyakula laini na vyenye unyevu, kama mkate, jamu na matunda yaliyoiva sana, nyuzi zake hupenya ndani bila kuonekana, kwa hiyo mkate utupwe wote, tena bila kuunusa, kwa kuwa vumbi lake linaweza kumdhuru mwenye pumu. Jibini ngumu na karoti ni tofauti kidogo, kwa sababu ukungu haupenyi kwa urahisi ndani ya kitu kigumu. Ukate sentimita 2.5 kuzunguka na chini ya sehemu iliyoharibika, na kisu kisiuguse ukungu.

Karanga na mahindi ni jambo zito zaidi, na ninaomba msomaji alitilie maanani. Kuna ukungu uitwao Aspergillus flavus ambao hutengeneza sumukuvu aina ya aflatoksini. Sumu hii iligunduliwa baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza na uchunguzi ukaonyesha kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye ukungu huo. Huharibu ini, na mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya ini. Kukaanga huipunguza kwa sehemu lakini hakuimalizi, kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana. Chambua karanga kabla ya kuzipika, uondoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme. Kisha zihifadhi zikiwa kavu kabisa katika chombo kinachofunga vizuri, maana ukungu hauoti pasipo unyevu. Karanga zenye ukungu zisipewe kuku wala ng'ombe kwa kudhani kwamba hazitapotea bure, kwa sababu aflatoksini iliyoliwa na ng'ombe huonekana tena katika maziwa yake.

SWALI: Naomba kufahamishwa kuhusu mayai. Nitajuaje kama yai ni zima bila kulivunja, kwa nini mengine hayamenyeki yakichemshwa, na ule mduara wa kijani kuzunguka kiini ni sumu?

JIBU: Yai likikaa hupoteza maji kupitia vitundu vya ganda, na chumba cha hewa kilicho ndani yake hukua, ndiyo maana yai jipya hulala chini ya bakuli la maji, la siku nyingi husimama, na la zamani sana huelea. Kipimo hicho kinakuonyesha umri, wala hakikuthibitishii usalama, kwa hiyo usiache kulivunjia kila yai katika kikombe chake kabla ya kulichanganya na mengine.

Yai lisilomenyeka kwa kawaida ni lile lililotagwa karibuni. Kadiri siku zinavyopita hewa ya kaboni dayoksaidi hutoka kupitia ganda, tindikali ya ute hupungua, na ute huacha kuung'ang'ania utando wa ndani. Chagua yaliyokaa kama wiki moja, uyatumbukize katika maji yaliyokwisha kuchemka badala ya kuanza na maji baridi, na baada ya dakika 10 hadi 12 uyahamishie kwenye maji baridi sana. Mduara wa kijani hauna madhara yoyote. Hutokana na chuma kilicho katika kiini kuungana na salfa ya ute pale yai linapochemshwa kupita kiasi au kuachwa lipoe ndani ya maji ya moto, na utaratibu huo huo wa maji baridi huuzuia.

SWALI: Katika mafunzo ya mapishi tuliambiwa kwamba nyama ikaangwe kwanza kwa moto mkali ili maji yake yafungiwe ndani. Mimi hufanya hivyo lakini nyama yangu bado inakuwa ngumu. Nakosea wapi?

JIBU: Hukosei kuikaanga, ila sababu mliyopewa si sahihi. Wazo la kufungia maji lilienezwa katika karne ya 19 na mwanakemia wa Ujerumani Justus von Liebig, na majaribio ya kupima uzito wa nyama kabla na baada ya kupika yameshalikanusha. Ushahidi wenyewe unausikia kwa masikio yako, maana ule mlio wa nyama ndani ya kikaango ni maji yanayotoka na kugeuka mvuke; kama yangefungiwa, kikaango kingekaa kimya. Faida ya moto mkali ni ladha. Protini na sukari zilizo juu ya nyama zikifikia takriban nyuzi 140 huungana na kuleta rangi ya kahawia na harufu ile ambayo humvuta kila mtu jikoni, mchakato ulioelezwa mwaka 1912 na Mfaransa Louis Camille Maillard. Kwa kuwa maji hayapiti nyuzi 100, nyama iliyolowa haiwezi kufika huko mpaka maji yaishe. Ikaushe kwa kitambaa safi, na usiijaze kikaangoni, la sivyo itajichemsha katika maji yake.

Ugumu una chanzo kingine. Misuli inayofanya kazi nyingi mwilini mwa mnyama, kama ile ya miguu, shingo na bega, imefungwa kwa kolajeni, yaani protini ngumu inayoshikilia nyuzi za nyama pamoja, na kolajeni hugeuka kuwa jelatini laini polepole inapokaa katika joto la zaidi ya nyuzi 70 kwa muda mrefu. Nyama ya sehemu hizo ipikwe kwa saa mbili au tatu katika mchuzi unaotokota kwa utulivu, mapovu machache tu yakipanda juu. Moto mkali wa kufokafoka hukaza nyuzi za nyama na kuzikamua kabla kolajeni haijalegea, na kwa sababu hiyo anayeongeza moto ili amalize mapema huishia na nyama kavu yenye nyuzi ngumu. Nyama laini ya mgongoni ni kinyume chake, haina kolajeni nyingi, na kila dakika ya ziada huikausha.

Kwa kuwa wasomaji wengine wameuliza kuhusu kuosha kuku, nijibu hapa hapa: maji ya bomba hayaondoi Salmonella wala Campylobacter, bakteria wanaosababisha kuhara, ila huwarusha pamoja na matone kwenye sinki, ubao wa kukatia na mboga zilizo jirani. Futa penye damu kwa karatasi au kitambaa kitakachofuliwa papo hapo, nawa mikono kwa sabuni, na uipike nyama hiyo hadi sehemu yake nene ifike nyuzi 74.

SWALI: Nyama iliyoganda naiweka mezani asubuhi ili niikute imelegea jioni. Na ikibaki, naweza kuigandisha tena?

JIBU: Meza haifai. Ugandishaji huwalaza tu bakteria wengi, hauwaui, na sehemu ya nje ya nyama huwa imekaa katika uvuguvugu kwa saa nyingi wakati katikati bado kuna barafu. Ihamishie kwenye jokofu tangu jana yake, katika bakuli na kwenye rafu ya chini ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kipande cha kilo mbili kinahitaji karibu siku nzima. Mwenye haraka aifunge katika mfuko usiopitisha maji na aitumbukize katika maji baridi, akiyabadilisha kila baada ya nusu saa, kisha aipike papo hapo. Iliyolegezwa ndani ya jokofu inaweza kugandishwa tena bila hatari, ingawa itapoteza maji na kuwa kavu zaidi, lakini iliyokaa mezani kwa zaidi ya saa mbili haifai. Ni afadhali kuigawa nyama katika vifurushi vya mlo mmoja mmoja kabla ya kuigandisha kwa mara ya kwanza, na kutoa hewa yote katika mfuko, kwa sababu hewa ndiyo inayosababisha yale mabaka makavu ya kijivu, ambayo hayadhuru lakini hayana utamu.

SWALI: Ninatengeneza mafuta yenye kitunguu saumu kibichi na kuyaweka kabatini. Yatakaa muda gani?

JIBU: Tafadhali usiyaweke kabatini hata kidogo. Kitunguu saumu hutoka ardhini, na udongo huwa na spora za Clostridium botulinum, bakteria anayeota mahali pasipo hewa na pasipo tindikali ya kutosha, na mafuta humpatia yote mawili. Sumu yake ni miongoni mwa zile kali kuliko zote zinazojulikana, hupoozesha misuli hadi ile ya kupumulia, na mafuta yenye sumu hiyo yanaweza kuwa hayajabadilika rangi wala harufu. Tengeneza kidogo, uyaweke kwenye jokofu mara moja na uyamalize ndani ya siku nne, au uyagandishe katika vijumba vya barafu na kutoa kimoja kimoja unapopika. Kwa sababu ya spora hizo hizo, mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali, iwe mbichi au imepikwa.

SWALI: Mchuzi ukizidi chumvi, ni kweli kwamba kiazi huivuta?

JIBU: Kiazi hufyonza maji yenye chumvi, hakichagui chumvi peke yake, kwa hiyo mchuzi unaobaki unakuwa na ukali ule ule. Ongeza maji au viungo visivyotiwa chumvi, na ndimu kidogo itasaidia ulimi usiisikie sana.

SWALI: Mafuta ya kukaangia yanaweza kutumika mara ngapi? Na yakishika moto nifanye nini?

JIBU: Idadi ya mara haiwezi kutajwa kwa uhakika, kwa sababu inategemea joto ulilotumia, muda, na makombo yaliyobaki ndani. Ukikaanga katika nyuzi 170 hadi 180, ukayachuja mafuta baada ya kupoa na kuyaweka kwenye chupa iliyofungwa mahali penye giza, yatadumu zaidi kuliko yanayoachwa wazi kikaangoni. Yamwage yakianza kuwa mazito na meusi, yakitoa povu, yakinuka, au yakitoa moshi mapema kuliko yalivyokuwa yakifanya. Usiyaongezee mapya ili kuyafufua, kwa kuwa ya zamani huyaharibu mapya kwa haraka.

Yakishika moto, zima jiko na ufunike kikaango kwa mfuniko wa chuma au sinia, kisha usiufunue mpaka kipoe. Usimwage maji, maana maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama chini, hugeuka mvuke kwa ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Usijaribu kukibeba kikaango kukipeleka nje, kwa sababu wengi huungua wakiwa njiani kuelekea mlangoni. Moto ukiwa umeshavuka kikaango, watoe watu wote ndani, ufunge mlango nyuma yenu na uite zimamoto mkiwa nje.